Barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za moyo: usiku wa tatu hauna mwenyewe

Waheshimiwa wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa idara za moyo, nanyi nyote mnaopanga huduma za dharura na kutia saini miongozo ya tiba,

YAH: WAGONJWA WANAOPASUKA MOYO SIKU CHACHE BAADA YA MSHTUKO WA MOYO

Poleni na majukumu.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi wa moyo. Kwa miaka mingi zamu zangu zimekuwa za usiku kuliko za mchana, na nawaandikia kuhusu kundi dogo la wagonjwa linalopotea ndani ya takwimu zenu. Ni wale ambao mshtuko wa moyo haukuwaua siku ya kwanza. Walifika hospitali, mshipa ukazibuliwa, rangi ikawarudi usoni, wakaanza kuuliza wataruhusiwa lini. Kisha siku ya pili, ya tatu au ya tano, moyo wenyewe ukapasuka.

Neno kupasuka silitumii kwa kutia chumvi. Msuli uliokosa damu hufa, na katika siku za mwanzo chembe za kinga huingia kusafisha mabaki kabla kovu gumu halijajengwa. Hapo katikati pana siku kadhaa ambapo sehemu ile ni laini mno, na moyo haupumziki hata dakika moja kuipa nafasi ya kupona. Kila pigo linaisukuma. Wapasuaji niliofanya kazi nao wananiambia nyuzi hazishiki: ukivuta, nyama inachanika kama karatasi iliyolowa.

Panapopasuka panatofautiana. Pengine ni ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Damu iliyopaswa kwenda mwilini inapenya kwenye tundu na kurudi mapafuni, upande wa kulia wa moyo unazidiwa, figo zinakauka. Pengine ni msuli mdogo unaoshikilia kamba za vali ya mitrali, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Ukikatika, vali inapepesuka kama mlango uliong'oka bawaba, na mapafu yanajaa maji kwa muda mfupi sana. Unaokatika mara nyingi ni msuli wa nyuma, kwa sababu kwa kawaida hulishwa na mshipa mmoja tu wakati mwenzake wa mbele hulishwa na miwili. Ndiyo maana mgonjwa aliyeandikiwa kwamba mshtuko wake ni mdogo anaweza kupatwa na hili usiku wa pili, na wodi nzima ikashangaa.

Na pengine ni ukuta wa nje. Damu humwagika ndani ya mfuko unaofunika moyo, moyo unabanwa, haujai tena. Mtu aliyekuwa akizungumza nawe anazimika katikati ya sentensi huku skrini ikiendelea kuonyesha mapigo, na ukigusa shingo huoni mapigo. Wachache mpasuko wao huvuja polepole, au mfuko wenyewe huushika kwa siku kadhaa, na hao ndio tunaoweza kuwawahi.

Nitawasimulia usiku mmoja, maana ndio ulionifanya niandike. Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka 70 na ushee, hajawahi kuugua moyo maishani mwake. Alikaa na maumivu karibu siku nzima akidhani ni tumbo. Mshipa wake ulizibuliwa, ila kwa kuchelewa. Usiku wa tatu nilipokwenda kumpima presha alinishika mkono akasema, "Mwanangu, leo nimechoka uchovu mwingine." Presha ilikuwa imeshuka kidogo, si ya kupigia kelele. Miguu ilikuwa ya baridi. Mfuko wa mkojo ulikuwa na kiasi kilekile kilichokuwamo saa mbili kabla. Nikaweka stethoskopu kushoto kwa mfupa wa kidari, chini, nikasikia sauti ambayo haikuwapo jana yake: kama msumeno kwenye ubao mbichi, pigo kwa pigo. Nikaiondoa stethoskopu, nikaweka kiganja, na kiganja kikatetemeka.

Daktari wa zamu alikuja mbio, kijana mwenye bidii. Alisikiliza, tukatazamana. Kuanzia hapo ikawa safari ya milango. Mashine ya eko, ile inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilikuwa kliniki, imefungiwa, na mwenye ujuzi wa kuitumia angefika asubuhi. Hospitali yenye wapasuaji wa moyo ilituomba picha kwanza, nasi hatukuwa na picha. Tulipopiga mara ya pili tukaelekezwa kwa msimamizi wa vitanda, naye akasema hatoi kitanda bila jina la mpasuaji aliyekubali kumpokea mgonjwa. Mpasuaji naye hampokei mgonjwa bila picha. Kila niliyezungumza naye alinijibu kwa adabu, na kila mmoja alikuwa na kanuni anayoifuata. Picha ilipatikana kulipopambazuka, ikaonyesha tundu kwenye ukuta wa kati. Kibali kikaja baadaye sana. Bibi alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika mlangoni. Binti yake aliniuliza swali moja tu: mlikuwa mnasubiri nini?

Huenda bibi yule angefia kwenye meza ya upasuaji. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunijibu kwamba ugonjwa huu unaua hata penye kila kitu. Ni kweli unaua. Daktari Peter Mere Latham wa London alilieleza tundu la namna hii mwaka 1845, na ilipita zaidi ya karne hadi mpasuaji wa Marekani Denton Cooley alipojaribu kulishona kwa mara ya kwanza, mwaka 1956. Hata leo ni miongoni mwa operesheni nzito kuliko zote zinazofanyika kifuani. Lakini tazameni hesabu hii. Katika utafiti wa GUSTO-I, uliohusisha watu 41,021 waliopewa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ukuta wa kati ulipasuka kwa wagonjwa 84. Waliotibiwa kwa dawa pekee, asilimia 94 walikufa ndani ya siku 30. Waliofanyiwa upasuaji, asilimia 47. Wagonjwa wenye hali nafuu zaidi ndio walioelekea kupelekwa kwa mpasuaji, najua, kwa hiyo tofauti yote si ya kisu peke yake. Hata hivyo, kati ya 94 na 47 kuna watu wengi sana ambao maisha yao yalitegemea kufika mahali fulani kwa wakati fulani.

Hesabu hiyohiyo ina habari njema pia. Kabla ya zama za kuzibua mishipa, ukuta wa kati ulikadiriwa kupasuka kwa asilimia 1 hadi 2 ya wagonjwa wa mshtuko wa moyo. Kwenye GUSTO-I ilikuwa takribani asilimia 0.2. Kazi yenu ya kuharakisha mambo imeokoa watu: kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10, mshipa kuzibuliwa ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa kutambuliwa, na pale ambapo hilo haliwezekani, dawa ya kuyeyusha damu itolewe bila kungoja. Sisi wa wodini tunaiona tofauti kwa macho.

Tatizo ni kwamba mbio zile zinakoma mlangoni mwa chumba cha katheta, kule mishipa inakozibuliwa. Saa inasimama, fomu inajazwa, takwimu inapelekwa kwenu, na mgonjwa analetwa kwetu kama mtu aliyekwisha vuka. Kumbukumbu za hospitali za Marekani za miaka ya 2003 hadi 2015 zina wagonjwa karibu milioni 4 wa ule mshtuko mkubwa wa mshipa kuziba kabisa. Waliopasuka moyo, kwa namna moja au nyingine kati ya hizo tatu, walikuwa asilimia 0.27, na asilimia 42 kati yao walifia hospitalini. Kilichoniumiza nilipozisoma ni kwamba katika miaka yote ile kiwango cha vifo hakikushuka. Stenti, vile vijibomba vinavyoshikilia mshipa usizibe tena, zimeboreka, dawa zimeboreka, na hawa wamebaki palepale.

Nawaomba mtazame ni akina nani. Wengi ni wazee. Wanawake ni wengi kuliko mtu angetarajia. Mara nyingi ni mshtuko wao wa kwanza. Moyo wao haukuwahi kuzoea kukosa damu, kwa hiyo haukujenga vijia vya pembeni vya kuupitishia damu. Na karibu kila mara kuna ucheleweshaji mwanzoni: maumivu yaliyodhaniwa ni tumbo, uchovu uliodhaniwa ni uzee, mtu aliyeogopa kuwaamsha watoto usiku. Katika siku za janga la korona, watu walipoogopa kwenda hospitali, madaktari wa nchi mbalimbali waliripoti kuona tena mipasuko ambayo kizazi cha vijana kilikuwa kimeisoma vitabuni tu. Mgonjwa anayechelewa kufika ndiye anayehitaji kutazamwa zaidi usiku wa tatu, na mara nyingi ndiye anayeonekana ametulia, kwa kuwa maumivu yake yalikwisha kabla hajafika.

Sasa niguse jambo ambalo nimeona likitumiwa vibaya, nalo ni suala la kusubiri. Kutoka kanzidata ya Society of Thoracic Surgeons, chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani, zilichambuliwa operesheni 2,876 za tundu la ukuta wa kati zilizofanyika kati ya 1999 na 2010. Kwa jumla asilimia 42.9 ya wagonjwa walikufa. Waliopasuliwa ndani ya siku 7 tangu mshtuko, walikufa asilimia 54.1. Waliopasuliwa baada ya siku 7, asilimia 18.4. Ukizisoma namba hizi haraka unasema: basi tungoje wiki. Nimemsikia msimamizi mmoja akizitaja hivyo kwenye kikao, kama sababu ya kutoharakisha uhamisho.

Jiulizeni ni nani aliyefika siku ya nane. Ni yule ambaye tundu lake lilimruhusu kufika. Waliokuwa hoi walipasuliwa mapema kwa sababu hawakuwa na kesho, na waliokufa wakingoja hawamo kwenye hesabu hiyo kabisa, maana hawakupasuliwa. Kusubiri kuna faida ya kweli: kingo za tundu zinaanza kugeuka kovu, nyuzi zinapata pa kushika, na mpasuaji anaona wapi nyama hai inaanzia. Kwa mgonjwa ambaye presha yake inashika na figo zake zinafanya kazi, wapasuaji wengi leo watachagua kumpa siku kadhaa. Lakini kusubiri huko ni tiba nzito inayofanyika ndani ya hospitali yenye mpasuaji. Kuna dawa za kulegeza mishipa ili damu ipendelee kwenda mwilini kuliko kupita tunduni, pale presha inaporuhusu. Kuna puto linalowekwa ndani ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, linalojaa moyo unapolegea na kupwaya moyo unapobana, ili kuupunguzia mzigo. Kuna mashine ya ekmo inayotoa damu nje, kuitia oksijeni na kuirudisha, ikimshikilia mtu hadi siku ya operesheni. Na kuna watu wanaomtazama saa 24, tayari kubadili mpango akianza kuteleza. Mgonjwa aliyelala kwetu huku simu zikizunguka hayumo kwenye kusubiri kwa namna hiyo. Yeye anakufa polepole, na namba zile zimekuwa kisingizio.

Isitoshe, habari ya kungoja ni ya ukuta wa kati peke yake. Vali ya mitrali iliyokatika msuli haingojewi. Dawa na puto ni vya kumfikisha mtu chumba cha upasuaji, basi. Ukuta wa nje uliopasuka haungojewi hata kidogo. Huko pengine unachoma sindano kwenye mfuko wa moyo, unatoa damu kiasi cha kuurudishia moyo nafasi, na unakimbia naye. Wapasuaji hufunika mpasuko kwa kiraka, wakati mwingine kwa gundi maalumu bila kushona sana, kwa sababu ileile ya karatasi iliyolowa.

Kwa wale ambao kisu hakiwafai, au hakiwafai kwa sasa, kuna njia ya kupitisha kizibo mfano wa mwavuli mdogo kupitia mshipa wa paja hadi kwenye tundu. Haijawa mbadala rahisi. Uingereza walikusanya wagonjwa 362 kutoka vituo 16, wa miaka ya 2010 hadi 2021: walioanzia kwenye upasuaji, asilimia 44.2 walifia hospitalini, na walioanzia kwenye kizibo, asilimia 55. Lakini waliotoka hospitali wakiwa hai, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, hawakutofautiana sana katika miaka iliyofuata. Habari hiyo nimeishika. Nikiongeza utafiti wa 2008 wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani, wa wagonjwa 54 waliofanyiwa upasuaji baada ya msuli wa vali kukatika, ambao walionusurika siku 30 za mwanzo waliishi sawa na watu wengine waliopata mshtuko wa moyo bila kupasuka, naona picha moja. Bonde la mauti lenyewe ni fupi, ni la siku chache. Ng'ambo yake kuna maisha ya kawaida.

Niliwahi kuiona ng'ambo hiyo. Mwanamume wa makamo, siku ya pili baada ya mshtuko wa upande wa chini wa moyo, alianza kuhema ghafla, povu la rangi ya waridi likatoka mdomoni. Kifua chake hakikuwa na mvumo wowote wa kutisha, yaani sauti kama ile ya msumeno. Hilo ni jambo ambalo kila anayefundisha wauguzi lazima alisisitize: vali ikiachia kabisa, shinikizo la pande mbili huweza kulingana upesi kiasi kwamba sauti inakuwa hafifu au haipo. Usiku ule ilitokea kwamba daktari wa zamu alikuwa amejifunza eko kwa hiari yake, na ilitokea kwamba mashine ilikuwa imeachwa wodini mchana. Ilitokea pia kwamba alikuwa na namba ya mpasuaji kwenye simu yake binafsi, kwa kuwa waliwahi kufanya kazi pamoja. Mgonjwa alibadilishiwa vali kabla ya alfajiri. Alitoka kwa miguu yake, na mkewe alituletea kadi yenye mwandiko wa watoto.

Nimehesabu hayo "ilitokea". Ni matatu. Bibi hakupata hata moja.

Waheshimiwa, ninachoomba ni kwamba mambo hayo matatu yaache kutegemea bahati, na mamlaka ya kufanya hivyo mnayo ninyi.

Eko iwepo wodini usiku, na awepo mtu wa zamu anayeweza kujibu maswali machache: kuna maji kuzunguka moyo, kuna tundu, vali inapepesuka? Hahitajiki bingwa wa kuandika ripoti ya kurasa mbili. Mashine ndogo za kubebwa mkononi zipo, na madaktari wa zamu wanafundishika. Bingwa ataithibitisha picha asubuhi, lakini simu ya kwanza itakuwa imeshapigwa.

Kifua kisikilizwe kila zamu kwa wiki nzima ya kwanza, na kiandikwe. Namaanisha kuandikwa kwa kweli, na mtu aliyeweka stethoskopu mwenyewe. Faili la bibi lilisema "sauti za moyo ni za kawaida" kwa maneno yaleyale siku tatu mfululizo, nami siwezi kuapa kwamba kila mara kuna aliyesikiliza. Muuguzi anayesikia mvumo mpya, au anayeona mgonjwa amepoa miguu na mkojo umekata, awe na ruhusa ya maandishi ya kuamsha watu. Mgonjwa akilalamikia kifua siku ya tatu asipewe dawa ya kutuliza maumivu na kuambiwa ni kawaida. Tena dawa za jamii ya ibuprofen zisiguswe kabisa kwa mtu aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo, kwa kuwa huongeza hatari, ikiwamo hii ya kupasuka. Wauguzi wengi tunaogopa kumwamsha bingwa saa tisa usiku kwa sababu ya "sauti". Woga huo umejengwa na majibu tuliyowahi kupewa.

Na jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa: namba moja ya simu. Ikipigwa, wawepo kwenye mstari kwa pamoja mpasuaji wa moyo, bingwa wa moyo, daktari wa wagonjwa mahututi na anayesimamia ekmo, na uamuzi utoke kabla simu haijakatwa. Kitanda kitafutwe na wao baada ya mgonjwa kukubaliwa. American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, katika tamko lake la kitaalamu la 2021 kuhusu matatizo haya, inasisitiza kazi ya timu ya fani mbalimbali. Timu ya namna hiyo katika hospitali nyingi ipo kwenye karatasi, na hukutana siku maalumu ya wiki, saa za kazi. Moyo unapasuka Jumapili.

Uhamisho nao ufikiriwe upya. Kumtia mgonjwa wa namna hii kwenye gari la kawaida pamoja na muuguzi mmoja na chupa ya oksijeni ni kumsindikiza tu. Penye uwezo, timu iende kumchukua alipo, imwekee puto au imwunganishe na mashine palepale, ndipo isafiri naye. Pasipo na uwezo huo, basi mgonjwa mwenye dalili za hatari, aliyechelewa kufika, mzee, mwenye mshtuko wa kwanza na mkubwa, ahamishiwe karibu na wapasuaji kabla hajapasuka. Ni rahisi kumhamisha mtu anayeongea.

Kuna jambo nyeti ambalo wapasuaji hawatawaambia kwa barua, nami nitalisema kwa niaba yao bila kutumwa. Mnawapima kwa vifo. Kila mwisho wa mwaka idara inaonyeshwa asilimia yake, na mgonjwa mmoja wa moyo uliopasuka anaweza kuharibu hesabu ya miezi. Sijawahi kumwona mpasuaji anayekataa mgonjwa waziwazi kwa sababu hiyo. Nimeona simu zikichukua muda mrefu kuliko inavyostahili, nimesikia "mwangalieni kwanza hadi asubuhi", na nimeona asubuhi ikiwa imechelewa. Watoeni wagonjwa hawa kwenye jedwali la kawaida. Wapeni jedwali lao, lenye kuhesabu kila aliyetambuliwa: aliyepasuliwa, aliyewekewa kizibo, aliyekataliwa na sababu yake, aliyefia njiani, aliyefia kwetu tukishika simu. Leo bibi yule hayumo kwenye takwimu za upasuaji kwa sababu hakufika, na kwenye takwimu za kuzibua mishipa anahesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa, kwa kuwa mshipa wake ulizibuliwa. Kifo chake hakipo popote ninyi mnapotazama.

Msije mkadhani nataka kila mmoja apasuliwe. Wapo ambao mwili umekwisha, figo zimelala, ubongo umekaa bila damu muda mrefu, au wenyewe walishasema hawataki. Kwao hapana ni jibu la haki, na linaweza kuwa jibu la huruma. Ila lisemwe na watu waliomtazama mgonjwa na picha zake, liambiwe familia kwa uso na kwa lugha yao, na lifuatwe na tiba ya kupunguza kuhema, maumivu na hofu, na mtu wa kukaa naye. Binti wa bibi hakuambiwa hapana. Aliambiwa "tunasubiri" tangu saa saba usiku, na alikaa kwenye kiti cha korido akiamini kuna kitu kinakuja. Angeambiwa ukweli angeingia ndani, angekaa na mama yake saa zile zote. Hilo hatukumpa, na halikuhitaji mashine.

Sijawaandikia ili kumtafuta wa kulaumiwa. Daktari yule kijana bado yuko nasi. Alijifunza eko mwaka uleule. Mimi nimebadili namna ninavyokabidhi zamu: nasimama kando ya kitanda, namwambia mwenzangu, "Huyu ni siku yake ya tatu, sikiliza hapa," na tunasikiliza wote wawili kabla sijaondoka. Ni kidogo, na tumefika mwisho wa yale tunayoweza kufanya bila ninyi.

Juu ya meza ya wauguzi, ukutani, kuna karatasi yenye namba za simu: maabara, benki ya damu, mafundi wa umeme, ulinzi. Nimeacha mstari mmoja mtupu na nimeuandikia pembeni "moyo uliopasuka". Naomba mnipe namba ya kuandika pale, itakayopokelewa saa tisa usiku na mtu mwenye mamlaka ya kusema mleteni.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi wa zamu ya usiku, wodi ya wagonjwa mahututi wa moyo